Kijiko gani, mama?

Nesi wa zamu hakupandisha sauti. Aliichukua chupa ya dawa ya homa, akaigeuza upande wa maandishi, akauliza: "Umempa kiasi gani?"

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja mchana, na kimoja jioni hii," alijibu mama huyo, mtoto wa miaka miwili akiwa amemlalia begani. Mtoto alikuwa ametapika mara mbili tangu magharibi.

"Kijiko gani, mama?"

Hapo akakwama. Kwake kijiko kilikuwa kijiko. Alijaribu kuonyesha urefu wake kwa vidole. Nesi akaingia chumba cha ndani akatoka na viwili, cha kukorogea chai na cha kulia wali, akavilaza mezani sambamba. Mama akagusa kikubwa.

Kwenye boksi palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza "one teaspoonful", yaani kijiko kimoja cha chai, ambacho ni mililita 5. Kijiko kikubwa cha chakula huhesabiwa mililita 15. Maana yake, tangu asubuhi mtoto alikuwa anapewa dozi tatu kila alipopewa moja.

Walipewa barua ya kwenda hospitali kubwa usiku uleule. Mtoto akalazwa, akaangaliwa hadi kesho yake mchana, akaruhusiwa akiwa analilia andazi la mgonjwa wa kitanda cha pili. Yaliyomhusu yeye yakaisha hapo, mshukuru Mungu.

Mama huyu ana genge Manzese, Dar es Salaam. Hakutaka jina lake liandikwe. Wateja wake, anasema, ndio wasomaji wenyewe, na anayekula kwa vipimo hapendi isikike kwamba alikosea kipimo. Amekubali isimuliwe kwa sababu ya mtu mwingine, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje la zahanati usiku ule na hakuna aliyemkumbuka mpaka saa sita.

Ni mwanawe wa kwanza, miaka tisa, darasa la tatu. Yeye ndiye aliyesoma boksi.

Katika nyumba ile yeye ndiye msomaji wa Kiingereza. Baba ni dereva wa lori la Tunduma, mwezi mzima yuko njiani. Mama aliishia darasa la saba. Kijana anasoma shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, kwa ada inayotoka kwenye nyanya na vitunguu, na kila karatasi ya Kiingereza inayoingia ndani hupita kwake: risiti, ujumbe wa simu, maelezo ya pasi mpya. Mama alipomuuliza boksi linasemaje, alisoma vizuri kabisa, "one teaspoonful." Mama akauliza maana yake. "Kijiko kimoja, mama," akasema, akarudi kwenye katuni yake.

Hakusema uongo. Alilifupisha tu, kama mtu mzima naye angeweza kulifupisha. Kiswahili chetu cha nyumbani kinasema kijiko na kuishia hapo. Cha chai, cha chakula, hayo huongezwa pale tu mtu anapoona sababu. Kiingereza kimeyafunga yote mawili ndani ya neno moja, na ukiliacha nusu njiani, inayopotea ni mililita 10.

Kuna wazazi wengi wanaosomewa na watoto wao namna hii. Mtoto anajua sauti ya neno, mzazi anajua dunia, na kati ya hao wawili hakuna anayejua kwamba kuna kitu kimedondoka.

Kijana alipoona nesi akiviweka vile vijiko mezani, alielewa kabla ya mama yake. Alitoka nje. Mama alipomfuata saa sita usiku, wakisubiri bajaji ya kwenda hospitali, alimkuta ameuma kola ya shati. Aliuliza swali moja: "Atakufa?"

"Hafi. Aliyempa ni mimi."

"Aliyesoma ni mimi."

Tangu siku hiyo aliacha kusoma kwa sauti. Mama akimpa karatasi anasema haelewi. Akimpa simu anasema herufi ni ndogo. Daftari la Kiingereza, ambalo zamani lilikuwa likitandazwa mezani ili mama aone alama za vema, likawa halitoki begini. Mama alilifahamu hilo mapema, akanyamaza. Angesema nini? Aliogopa akilitaja atalifanya kubwa, na asipolitaja litakua lenyewe.

Wiki ya tatu alilitoa mwenyewe begini, mtoto akiwa amelala. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na zoezi la kujaza nafasi, maswali kumi, mada ikiwa vyombo na vipimo. "A ... of water." "A ... of bread." Alama: 4 kwa 10. Chini, kwa kalamu nyekundu, mwalimu aliandika maneno ambayo mama alihitaji dakika tano na simu yake kuyaelewa: mzazi amsaidie mtoto kufanya mazoezi nyumbani.

Mama akasoma majibu moja moja. Maji, "glass", sahihi. Chai, "cup", sahihi. Maziwa, "packet", sahihi. Kiberiti, "box", sahihi. Halafu yakaanza makosa. Mchele: kijana aliandika "tin". Nyanya: "heap". Mayai: "tray". Sabuni: "piece". Mkate: "one". Kwenye ndizi aliambiwa ajaze na kuchora. Akaacha nafasi wazi, akachora mkungu mzima, chane saba zimepangana kuanzia kubwa ya juu hadi ndogo ya mwisho, na ua lake likining'inia chini. Juu ya mkungu ule palipigwa ekisi kubwa.

Alikaa na daftari lile muda mrefu. Maneno aliyatafuta kwenye simu, na kila alipopata maana alizidi kushangaa, kwa kuwa alikuwa anaangalia genge lake. Mchele, kopo. Nyanya, fungu. Mayai, trei. Sabuni, kipande. Mtoto hakuwa amekisia. Aliandika alichokiona kila siku akitoka shule, akikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimpisha mteja.

Kesho yake, Jumamosi, mama hakufungua genge mpaka saa tatu. Alitandika mkeka uani, akapanga juu yake kopo la kupimia mchele, kisado, trei ya mayai iliyobaki nusu, mche wa sabuni ya kufulia na kisu, mkate, chane ya ndizi na vijiko vyote vya nyumba. Akamwita kijana.

"Nifundishe," alisema.

"Nini?"

"Hivi vyote. Kwa Kiingereza. Na mimi nikufundishe vyangu."

Mtoto akaangalia vijiko, akainamisha kichwa. Mama akavichukua, akaviweka pembeni chini ya kanga. "Hivyo vya mwisho. Tuanze na mkate."

Mkate ndio uliowasumbua kuliko vyote, na tusimlaumu mtoto. Mswahili anahesabu mikate: mmoja, miwili, mitatu. Anahesabu sabuni. Anahesabu hata habari na mashauri, akisema nina habari mbili, moja nzuri moja mbaya. Kiingereza kinakataa. Mkate kwake ni kama unga au maji, hauhesabiki mpaka uupe umbo: "a loaf" ukiwa mzima, "a slice" ukiwa slesi. Mikate miwili inakuwa "two loaves of bread". Habari nayo inabidi ikatwe kipande ndipo ihesabiwe, "a piece of news". Kijana alikuwa amefundishwa hayo darasani lakini hakuwahi kuyaamini. Mama aliyaamini haraka kwa sababu ya sabuni. "Kumbe," alisema, akiuinua mche, "hii nzima ndiyo 'bar', halafu mimi nikiikata ndiyo 'piece' yako." Kijana akamweleza kwamba kwenye kitabu "bar" ni ile ndogo ya kuogea iliyofungwa karatasi. Wakakubaliana kwamba zote ni "bar", na aliyechora kitabu huenda hajawahi kununua sabuni ya mche.

Zamu ya mama ilipofika, mkeka ulionekana mdogo. Alianza na kopo na kisado. Kisado, alimwambia, kimepata jina kutokana na makopo ya rangi ya Sadolin, yale ya lita 4, ambayo rangi ikiisha yalihamia sokoni. Debe lilikuwa la mafuta ya taa kabla halijawa la mahindi. Pishi ni vibaba vinne, na Waislamu wanaoikumbuka hasa ni wakati wa kutoa fitri. Kanga hununuliwa kwa doti, na doti moja ni kanga mbili. Korja ni ishirini. Konzi ni kile kinachojaa mkononi ukifumba vidole, na ukufi ni mkono ukiwa wazi. Mtoto alilijua konzi moja tu, lile la kichwani.

Kisha akamfundisha mfuto, ambalo pengine wasomaji wengi wa umri wa kati watakuwa wamelisahau. Kipimo cha mfuto ni kilichosawazishwa juu, hakina kilima. Mama akajaza kopo la mchele mpaka likafanya kichuguu, akapitisha kiganja juu yake, punje zikamwagika mkekani. "Huyu mteja simjui," alisema. Akajaza tena, akaacha kichuguu. "Huyu ni jirani." Kijana akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akasema Kiingereza nacho kinayo hayo, kitabu cha mapishi cha shule kimeandika "a level teaspoon" na "a heaped teaspoon". Alilitamka neno lile kabla hajajikumbuka. Mama akajifanya hakusikia, akaendelea kukusanya mchele.

Kitu ambacho hawakukipata kwenye daftari wala kwenye simu ni namna wengi wetu tunavyonunua hasa. Genge la Manzese halisikii sana gramu. Husikia: nipe mafuta ya mia tano, mkaa wa elfu mbili, dagaa za buku. Fedha ndiyo kipimo. Mwezi huu mafuta ya mia tano yanafika shingoni mwa chupa ndogo, mwezi ujao yanaishia tumboni, na jina lao halibadiliki. Mama alimuuliza kijana hilo linasemwaje kwa Wazungu. Hakujua. Aliahidi kuuliza.

Jumatatu mama aliamua kuuliza mwenyewe. Alikwenda shuleni na daftari, na ndani ya mfuko wa turubai alitia kopo la mchele, endapo litahitajika. Alikiri baadaye kwamba getini miguu ilimtetemeka. Mtu anayebishana na mawakala wa Tandale kuhusu gunia saa kumi na moja alfajiri, na wa Mabibo kuhusu mkungu, alikuwa anamwogopa binti wa miaka kama ishirini na sita kwa sababu ya kalamu nyekundu.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuhusu nyanya."

Mwalimu alidhani analetewa nyanya. Walipoelewana, alilifungua daftari, akalisoma polepole, na inampasa kusifiwa kwa alichofanya baadaye: alichukua kalamu yake na kuanza kujisahihisha. "Heap" kwa nyanya, alisema, ni sahihi kabisa. Kitabu kilitaka "tin" kwa sababu picha yake ni ya nyanya za kopo, za dukani. "Tray" ya mayai ni sahihi. Kitabu kilitaka "dozen", kumi na mbili, ambapo trei ni 30. "Tin" ya mchele ni sahihi pia kama mchele wenyewe unapimwa kwa kopo. Mama akaona ndiyo nafasi, akalitoa kopo akaliweka mezani. Mwalimu akalicheka kopo, bila dharau.

Kwenye ndizi walibishana kidogo. Mama alitaka kujua kwa nini mkungu umepigwa ekisi. Mwalimu akasema jibu ni "bunch", na picha ya kitabu ina ndizi tano. Mama akasema tano ni kipande cha chane. Wakatafuta kwenye kamusi ya mwalimu, wakakuta kwamba wakulima wa ndizi wanaozungumza Kiingereza huuita mkungu mzima "bunch", chane huiita "hand", yaani mkono, na ndizi moja ni "finger", kidole. Wanunuzi wa madukani ndio wanaoita "bunch" hata ndizi tano. Kwa hiyo mchoro wa mtoto ulikuwa na haki kuliko wa kitabu. Alichokosa ni neno. Mwalimu akampa nusu alama. Mama, kwa mazoea ya kazi, akaomba nyongeza, akanyimwa.

"One" ya mkate na "piece" ya sabuni zikabaki makosa, ingawa mwalimu alisema hiyo ya sabuni mtu angeweza kuitetea. Alama zikawa 7 na nusu. Halafu mwalimu akasema jambo ambalo wazazi wa shule hizi wanapaswa kulisikia hata kama halipendezi: kwenye mtihani msahihishaji atakuwa na jibu la kitabu, hatakuwa na kopo. Akiona mayai aandike "dozen". Mama alisikitika kidogo, akasema basi aandike hivyo, ila nyumbani trei itaendelea kuitwa trei.

Aliuliza pia la mafuta ya mia tano. "Five hundred shillings' worth of oil," mwalimu alijibu, akaliandika kwenye karatasi. Nyongeza nayo wanayo, aliongeza akitabasamu. Wana msemo wa dazeni ya mwoka mikate, ambayo ni kumi na tatu. Karatasi ile imebandikwa kwenye nguzo ya genge hadi leo, ingawa wateja wanadhani ni bei. Kopo mwalimu aliliazima kwa kipindi cha siku ile. Lilirudi limebonyea upande mmoja, na mama anasema tangu hapo linampunja yeye badala ya mteja au mteja badala yake, hajapata kujua. Wakala wa Vipimo, wanaohimiza mizani siku zote na kupiga vita lumbesa, wangemwambia anunue mizani. Yuko mbioni.

Baki vijiko.

Mama hakuvitaja kwa muda wa wiki mbili zaidi. Kijana alirudisha daftari mezani, alisoma risiti, alimsomea bibi yake wa Rungwe kwenye simu kwamba mkono wa ndizi ni chane, bibi akasema hilo alilijua kabla ya Wazungu. Lakini boksi la dawa lilikuwa bado juu ya kabati, na mtoto yule hakuwahi kuinua macho kulitazama.

Kisha mdogo wake akakohoa usiku, kikohozi kilichokaa siku mbili, wakampeleka zahanati, wakaandikiwa dawa ya maji. Dukani muuza dawa alimwambia mama, "Kijiko kimoja mara tatu," akageukia mteja mwingine. Mama hakuondoka.

"Kijiko gani, kaka?"

Muuza dawa akamtazama. "Cha chai, mama. Mililita tano."

"Naomba cha kupimia."

Ndani ya boksi hakikuwemo. Muuza dawa akampa bomba dogo la plastiki, kama la sindano lakini halina sindano, lenye mistari na namba, la shilingi chache. Mama akalitia kwenye kanga pamoja na dawa.

Nyumbani alimwita kijana, akampa boksi. Mtoto akaliangalia bila kulipokea. Mama akaliacha mkono wake umelinyoosha, kimya, kama anavyomsubiri mteja anayehesabu chenji. Mwishowe akalichukua. Akasoma kimoyomoyo kwanza, midomo ikicheza. Kisha kwa sauti.

"One teaspoonful. Five ml. Three times a day."

"Maana yake?"

"Kijiko kimoja cha chai. Cha chai, mama. Mililita tano. Mara tatu kwa siku."

Mama akampa bomba na chupa. Mtoto akavuta dawa taratibu, akalinyanyua kuelekea kwenye taa, akafumba jicho moja. Ilikuwa imevuka mstari kwa kiasi cha tone. Akairudisha chupani, akaanza upya, mdogo wake akimsubiri mdomo wazi.